Usiivue Miwani, Devotha

Devotha mwanangu,

Karatasi hii utaikuta ndani ya kiatu chako cha kulia. Nakujua. Kesho utaamka na haraka zako, utaruka kila kitu, lakini bila viatu hutatoka. Isome kabla hujafungua mlango wa chumba. Ukiisomea ndani ya basi nitakuwa nimeandika bure.

Ningeweza kukwambia kwa mdomo, lakini baba yako mkubwa amelala chumba cha mbele, na kuta za nyumba yetu unazijua: mtu akikohoa huku, kule wanampa pole. Kwa hiyo nimeaga kwamba nina miwani ya mtu ya kumalizia, nikavuka ua, nikajifungia karakanani. Sikudanganya. Mashine ya kung'arisha inazunguka hapa pembeni yangu, nami naandikia juu ya meza uliyokuwa ukifanyia hesabu zako, ile yenye madoa ya wino.

Sitakuandikia mambo ya sabuni, wala kufunga sanduku, wala kutokula vya njiani. Hayo shangazi yako ameyasema mchana kutwa mpaka mate yamemkauka. Mimi nataka kuzungumzia kilichotokea leo kwenye chakula, na kitakachotokea kesho asubuhi.

Nikieleza kama nilivyoona mimi, ulitoka jikoni na sinia ya ndizi na maharage, ukaiweka mezani, ukaenda mbele ya baba yako mkubwa aliyetoka Murukulazo kuja kukuaga, ukapiga magoti vizuri kama tulivyokufundisha, ukasema shikamoo. Yeye akakutazama tu. Kisha akasema, "Vua hiyo miwani unisalimie kama mtoto wa watu."

Na wewe, bila kupandisha sauti, ukamwambia, "Baba mkubwa, nikiivua sikuoni. Nitakuwa namsalimia nani?"

Aligeuza uso akaomba maji ya kunawa, na shikamoo yako ikabaki pale pale, hakuna aliyeipokea. Wewe ukainuka ukarudi jikoni. Mimi nilibaki nimeshika mwiko na sikumbuki nilikuwa napakua nini.

Jioni aliniita uani. Alisema kesho kabla ya safari uende kwake bila miwani, upige magoti, uombe radhi. Ukikataa, marahaba yake hutaipata, na mtoto anayeondoka bila marahaba ya baba mkubwa anaondoka kama asiye na kwao. Shangazi yako akadakia kwamba ni dakika moja tu, miwani inavuliwa na inavaliwa tena, nani amekufa kwa hilo? Hata dada wa jikoni ameniambia hivyo hivyo. Nyumba nzima sasa wimbo ni huo, dakika moja tu.

Mimi nasema usiivue.

Nimelisema mapema ili usisome kurasa zote hizi ukitafuta nimesimama upande gani. Yanayofuata ni sababu zangu, na nyingi nimezipata kwa kukosea.

Hao wanaosema miwani imekuondolea adabu wamesahau ulivyokuwa kabla ya miwani. Mimi sijasahau. Ulikuwa darasa la tatu, na Ngara nzima ilijua kwamba mtoto wa fundi miwani hana adabu. Unakutana na watu wazima njiani, unawapita tu. Katekista alinishitakia, na mama wa duka la kona naye akanishitakia. Likizo tulipokwenda Murukulazo, baba yako mkubwa alikuwa amekaa kwenye benchi mbele ya nyumba yake, ukapita mbele yake ukifukuza kuku, humtazami wala humsalimii. Alimwita baba yako, Mungu amrehemu, akamuuliza, "Huyu mtoto mnamlea au mnamfuga?" Baba yako akakata fimbo ya mbuni akakuchapa. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni. Nilikwambia ukome.

Baada ya hapo ukaanza kusalimia kila kitu. Tulifurahi, tukaona fimbo imefanya kazi. Mpaka siku moja nilipokuwa naanika nguo, nikakusikia nyuma yangu unasema kwa heshima zote, "Shikamoo baba." Nikageuka. Baba yako alikuwa kazini Biharamulo. Ulikuwa unalisalimia koti lake kwenye kamba.

Mganga hajigangi, watu husema, na wakisema hucheka. Mimi siku ile niliketi chini kwenye majani na nguo mbichi mapajani. Kutwa nzima nilikuwa nachonga lensi za watu wa Kirushya, wa Mbuba, na hata wa kule mpakani, na mwanangu mwenyewe hamtofautishi baba yake na koti. Kumbe ulikuwa unachapwa kwa sababu ya macho.

Daktari wa macho alipokupima aliniita pembeni. Namba yako ilikuwa kubwa, ya kutoona mbali, na haikuwa ya jana. Nikachukua cheti chako nikaja nacho hapa, na hapa ndipo nilipofanya kosa lingine, kubwa kuliko la kwanza, ingawa nililifanya kwa mapenzi.

Unakumbuka nilikukalisha kwenye kile kigoda uone miwani yako inavyotengenezwa? Nilichukua kile kidude kinene cha plastiki, cha mviringo, ambacho hakijawa cha mtu yeyote. Nilikuonyesha kwamba upande wa mbele huletwa umeshamalizwa kiwandani, sisi hatuugusi, tunaubandika utepe wa bluu usichubuke. Kazi yetu iko mgongoni. Nikakigandisha kwenye kishikizo kwa yale madini laini yanayoyeyuka kama mafuta, yakapoa, nikakifunga kwenye mashine ya kuchonga. Kisu kikaanza kuchimba, vumbi jeupe likaruka, na maji yakawa yanalikamata. Mtu asiyeona mbali huchimbiwa shimo mgongoni mwa lensi, katikati inabaki nyembamba na pembeni nene. Kadiri namba inavyokuwa kubwa ndivyo shimo linavyozidi.

Kilipotoka kwenye kisu kilikuwa kimefifia, hakipitishi hata mwanga wa dirisha. Ukanitazama kwa huzuni ukasema, "Mama, umekiharibu." Nikacheka nikakwambia tungoje. Nikatafuta chuma chenye mbinuko unaolingana na shimo la namba yako, nikakibandika karatasi ya msasa laini, nikasugua kwa maji. Bado ukungu. Nikabadilisha, nikaweka kitambaa kizito na ile dawa nyeupe kama uji, mashine ikazunguka na kuzunguka kama inavyozunguka hapa sasa. Nilipokitoa nikakiosha, ukungu ulikuwa umeondoka wote. Ulikishika mbele ya jicho ukaangalia nje. Kisha ukasema mti wa parachichi una majani. Uliushangaa mti uliokuwa ukicheza chini yake tangu ulipojua kutembea.

Lakini kosa langu halikuwa hapo. Kosa ni kwamba niliona haya. Nilijua pembeni itakuwa nene, nikaanza kuwasikia watu kabla hawajasema: mtoto wa kike na miwani kama kitako cha chupa, nani atamwoa? Nikauambia moyo wangu, nipunguze kidogo tu. Nikachimba kupita inavyotakiwa, mpaka katikati ikabaki kama ganda la kitunguu. Pembeni ikapungua pia, ikapendeza, ikaingia kwenye fremu bila kutokeza. Fundi wangu wa Biharamulo, yule mzee aliyenifundisha kazi, alikuwa ameniambia tangu siku ya kwanza kwamba lensi unaweza kuipunguza, kuirudishia huwezi. Nilimwitikia vizuri sana, na siku ya kutumia maneno yake nikayaweka kando.

Uliivaa shuleni. Mpira wa matambara, mpira usioweza kuvunja hata yai, ulikupiga usoni na lensi ya kushoto ikapasuka. Kipande kilikukata chini ya jicho. Hiyo alama unayoiona kwenye kioo kila asubuhi, unayodhani ni ya mpira, ni ya haya yangu. Ingepanda juu kidogo tu ingekuwa habari nyingine.

Lensi iliyofuata niliitengeneza kwa unene wake kamili, na zote baada ya hapo. Mtu akikwambia huko Moshi, chuoni uendako, kwamba miwani yako ni nene, mwambie ndiyo, ni nene. Asiyependa kuiona pembeni atazame katikati.

Na adabu ilirudi, si wanakumbuka? Ulianza kuwasalimia watu ukiwa bado mbali nao, kwa majina. Katekista akaja kunipongeza kwa malezi. Nilimpa chai. Kwa hiyo wakikwambia kesho uvue miwani ili uonyeshe adabu, ujue wanachokuomba: urudi kulisalimia koti.

Sasa nikwambie habari ya bibi yako wa Kirushya, mama yangu, maana wewe unaijua nusu yake.

Fundi wangu alipostaafu na mimi nikafungua karakana hii, akina mama walikuja wengi. Umri ukishaingia mtu anataka lensi ya sehemu mbili, juu ya kutazamia mbali, chini ya kusomea na kuchambulia maharage, na mstari katikati. Ule mstari ndio mtihani. Lazima ukae uso kwa uso na mtu, fremu iko puani mwake, akutazame machoni, nawe uweke alama ya wino pale kope yake ya chini inapoishia. Alama ikishuka, sehemu ya kusomea nayo inashuka, na mtu haifikii.

Mimi nilikuwa na wazazi mbele yangu. Mama zangu, shangazi zangu, wakwe. Tangu lini mtoto wa Kirushya akamkodolea mzazi macho? Nilikuwa nawasalimia, nainamisha uso, naweka alama kwa kuibia. Nao, kwa sababu nilikuwa nimevaa koti jeupe na wao waliliona kama koti la daktari, waliinamisha macho pia. Tulikuwa watu wawili tunaopimana huku wote tunaangalia chini, kama tumeangusha sindano. Alama nikaziweka chini kabisa, kwa mzee mmoja baada ya mwingine, na lensi nikazikata kwa kufuata alama hizo.

Hakuna aliyelalamika. Utalalamikaje juu ya kitu ulichotengenezewa na mtoto wako? Walinishukuru, wakaniletea mikungu ya ndizi. Ila kanisani nikaanza kuona jambo. Kitabu cha nyimbo kikifunguliwa, akina mama wote wenye miwani yangu wanainua videvu juu, kama kuku anayekunywa maji. Wanaitafuta ile sehemu ya kusomea niliyoizika chini. Wanaume wakaanza kunong'ona kwamba miwani ya Ngara inaleta kiburi, mwanamke akiivaa tu anamwinulia mumewe kidevu. Baba yako mkubwa ndiye aliyelisema kwa sauti, pale nje ya kanisa, na watu wakacheka. Na mimi, nisamehe, nilicheka nao. Nilidhani ni utani wa mtu anayetuonea wivu.

Ni wewe uliyeniambia. Ulikuwa sekondari, tulikwenda Kirushya kumsaidia bibi kuchambua maharage. Alikuwa ameivua miwani ameitia kifuani ndani ya kitenge. Nilipomuuliza, alisema, "Ni nzuri mno mwanangu, naitunza." Tulipotoka nje ukanivuta ukaniambia kwamba bibi haoni zile changarawe, anazipapasa kwa vidole. Nilikwambia ufunge mdomo. Usiku huo nikala maharage ya mama yangu, nikauma jiwe.

Nikaichukua ile miwani nikairudisha hapa, nikaiweka kwenye mashine ya kupimia. Namba ilikuwa sawasawa. Katikati ilikuwa sawasawa. Ungeipeleka popote duniani wangesema ni kazi safi. Nilihangaika nayo mpaka nikachukia kazi yenyewe. Mwishowe nikarudi Kirushya, nikamketisha mama yangu kwenye kiti nami nikaketi mbele yake, nikamwambia, "Mama, nitazame machoni."

Akaangalia magoti yake. "Nikutazame kwa nini? Tumegombana?"

Hapo ndipo nilipolijua kosa langu lote. Macho ya mama yangu na macho yangu hayakuwa yamekutana sawasawa tangu nilipoacha kunyonya. Hakuna aliyetukataza. Ndivyo tulivyopendana, kila mmoja akiangalia chini kwa ajili ya mwenzake.

Nikainuka kwenye kiti, nikapiga magoti chini kabisa, nikamsalimia upya kama mgeni, salamu ndefu ya nyumbani mpaka mwisho wake, na ng'ombe na mazao na wagonjwa wote ndani yake. Akaitikia yote. Nikarudi kwenye kiti nikamwambia, "Heshima tumeshaimaliza, mama. Sasa nitazame." Akainua macho. Aliona haya, akacheka, akashusha, akainua tena. Machozi yalinitoka hata alama ya wino nikashindwa kuiweka mara ya kwanza, ikabidi niifute. Mama yangu alikuwa na duara la bluu kuzunguka mboni. Nilikuwa mtu mzima na sikuwa nalijua.

Miwani ile mpya alizikwa nayo, unakumbuka. Alikataa kuivua hata kitandani.

Tangu siku hiyo kila anayeingia karakana hii anasalimiwa kwa magoti kama ni mkubwa wangu, kikamilifu, sifupishi hata kidogo. Kisha anaambiwa maneno yale yale. Wale niliowaharibia nikawafuata nyumba kwa nyumba, nikawapima upya, nikawatengenezea upya, na videvu vikashuka. Ungedhani waume wangenishukuru. Thubutu! Sasa wakasema ninawafundisha wake zao kukodoa macho. Mmoja alikuja akasimama hapo mlangoni akaniambia nimpime mkewe bila kumwangalia. Nikamjibu kwamba akitaka kipimo cha namna hiyo aende mnadani, kule miwani imepangwa kwenye turubai na hakuna anayemtazama mtu. Baba yako mkubwa akaja mwenyewe kuniambia niache, kwa jina la ukoo. Nikampigia magoti, nikamsalimia, nikamwambia siachi.

Usinielewe vibaya juu yake. Mdogo wake, baba yako, alipofariki, alishika sururu akachimba kaburi kwa mikono yake na vijana wakitaka kumpokea aliwafukuza. Mimi na wewe tulikula vya shambani kwake mpaka nikasimama tena. Kila akija analeta ndizi begani, na umri ule. Ninampenda na nitamtumikia. Lakini nimemwona kanisani akikishika kitabu mbali mpaka mkono umemwishia, kisha anakifunga na kuimba kwa kukisia. Nimemwomba mara nyingi nimpime. Husema mke wa mdogo wake hawezi kumkodolea macho. Mimi nadhani linalomuuma si miwani yako, Devotha. Ni kwamba ulipopiga magoti leo ulimwona vizuri, na yeye aliona ukungu wenye sauti yako. Mtu mzima asiyeona huogopa anayeona. Hata sisi tulikuchapa kwa kutojua wewe unaona nini.

Kwa hiyo kesho fanya hivi. Oga, vaa, weka miwani yako puani. Nenda chumba cha mbele. Piga magoti, si kwa kuchuchumaa kama mtu anayewahi basi, magoti yote mawili yaguse chini. Mwambie shikamoo kwa sauti anayoweza kuisikia. Mtazame. Usimtazame kwa ukali, ukali haupo hapo, mtazame kama unavyomtazama mtu unayempenda ambaye hutamwona mpaka likizo. Akiitikia, Mungu asifiwe. Asipoitikia, subiri kidogo kama unavyosubiri lensi ipoe, kisha inuka, chukua sanduku lako, toka. Usiombe radhi kwa sababu hujakosa. Usirudie salamu. Mzigo wa kuitikia ni wake, mwachie.

Shangazi yako atalia. Mwache alie. Watasema nimekuharibu, watalisema mbele yangu na nitawamiminia chai. Ukoo wakitaka kuniita Murukulazo kwenye kikao nitakwenda, na nitavaa miwani yangu mwenyewe, ile yenye fremu nyekundu. Unisikie vizuri hapa: wakikwambia huna kwenu, kwenu ni kwangu, na mlango huu una ufunguo mmoja ninao mimi.

Nitaogopa? Ninaogopa sasa hivi. Nimekaa na ukoo huu miaka mingi na sijawahi kulala nyumba moja na mtu aliyeninunia. Lakini niliwahi kuchonga lensi nyembamba kwa kuogopa watu, na alama yake iko usoni pako.

Huko chuoni utakuta mashine ambazo mimi nimeziona kwenye picha tu. Watakufundisha kuingiza namba kwenye kompyuta na lensi itatoka upande wa pili imeshang'aa, hakuna uji mweupe wala mikono kupasuka. Jifunze zote, na uje unifundishe, sitajifanya najua. Ila mashine huchonga unachoiambia. Ukiipa kipimo cha mtu aliyeinamisha macho, itakichonga hicho hicho bila kukosea hata kidogo, na mtu wako atarudi nyumbani akapapase changarawe. Na wewe mwenyewe utakuwa mgeni kule, mdogo, msichana wa kutoka mpakani mwenye lafudhi ya kwetu, na shingo itataka kuinama kila atakapoingia mkubwa. Salimia, mwanangu. Salimia kuliko wote. Ukishamaliza, inua uso.

Kwenye kiatu cha kushoto kuna miwani ya akiba. Ndiyo ile ya mtu niliyosema naimalizia, na mtu mwenyewe ni wewe. Nimeitoa kwenye mashine sasa hivi, bado ina joto. Pembeni ni nene, sikuipunguza hata unywele.

Kesho stendi sitaongea, nikiongea nitalia mbele ya wauza karanga. Ila ukishapanda, kabla hujatafuta kiti, geuka unitazame. Usiinamishe kichwa kuficha machozi, hata mimi sitaficha. Nataka nikuone macho yote mawili, sawasawa, kama mtu anayepimwa, nibaki nacho hicho kipimo mpaka urudi.

Na ile shikamoo yako iliyoachwa pale mezani tangu mchana, nimeiwaza jioni yote. Salamu ya mtoto haiachwi sakafuni. Kama mwenyewe hataiokota kesho, basi ujue imeshapokelewa.

Marahaba, Devotha. Marahaba, mwanangu.

Mama yako